Usiukate, Haujafa

Novemba ya mwaka juzi dada yangu alinipigia simu kutoka Uingereza usiku wa saa tano, saa ambayo simu ya Ulaya humfanya mtu ajiulize kwanza nani amefariki. Akaniambia aliyefariki ni mti. Ule msonobari mkubwa wa nyuma ya nyumba, uliowafanya yeye na shemeji waipende nyumba ile walipoinunua mwezi Juni, ulikuwa umegeuka rangi ya kutu kwa wiki mbili, ukaanza kumwaga majani, na sasa ulikuwa umebaki matawi matupu. Fundi wa kukata miti alishakuja. Aliutazama akiwa amesimama mlangoni, akasema umekauka, akaandika bei ya kuuangusha. Bei yenyewe siitaji, ila kwa fedha hiyo Kariakoo unaondoka na pikipiki mpya na mafuta ndani.

"Dada, kabla hujamlipa mtu, shika kitawi chembamba ukwangue gome kwa ukucha."

Akavaa koti, akachukua tochi, akatoka. Nikasikia upepo kwenye simu, mlango, kisha pumzi zake.

"Kijani," akasema. "Chini ya gome ni kijani kabisa. Na kuna unyevu."

"Basi haujafa. Umelala."

"Msonobari gani unaolala, mdogo wangu?"

Swali la haki. Sisi tulikulia Mafinga, na kwa mtoto wa Mafinga msonobari ni mti usiojua majira. Misindano ya Sao Hill ni kijani Januari, ni kijani Julai wakati wa baridi ile ya kukakamaza vidole, na kama inaangusha majani basi inaangusha kwa siri, machache machache mwaka mzima, hata hakuna aliyewahi kuiona ikiwa uchi. Miti inayopukutisha tunaijua, lakini ni ya ukoo mwingine: mbuyu, mninga, miti ya miombo ya Tabora. Hiyo hujivua wakati wa kiangazi ili kubana maji, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayemwita fundi aje aung'oe mbuyu kwa sababu umekosa majani mwezi wa Agosti.

Halafu lugha nayo inatutega. Vitabu vyetu vimezoea kutafsiri majira ya Ulaya ya kupukutika majani kuwa "vuli". Lakini vuli yetu ni mvua! Ni wakati ambapo mbuyu wa Bagamoyo unavaa upya. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili inayokwenda pande mbili, na mtu aliyehamia kule na Kiswahili chake kichwani anatazama dirishani mwezi wa Novemba akiona kinyume cha kila alichofundishwa. Tangu siku ile nimekataa kuiita ile miezi yao vuli. Naiita majira ya kupukutika, basi.

Nilimwomba dada aokote kitawi kimoja kilichoanguka, akipige picha, anitumie. Nilisomea misitu Morogoro kabla ya kuishia kwenye kalamu, na kuna mambo hayatoki. Miti ya ukoo wa misonobari inayovua majani yote kwa mara moja ni michache. Ziko lachi za milima ya Ulaya na misitu ya Siberia, zenye sindano zinazokaa kwa mafungu na kugeuka dhahabu kabla ya kuanguka. Uko saiprasi wa vinamasi wa kusini mwa Marekani, mti wa Louisiana na Florida, unaosimama ndani ya maji na kuchomoza magoti ya mizizi kama viboko wadogo wanaochungulia. Na iko metasekoya. Picha ilipoingia nilikuza kwa vidole viwili. Majani laini, mafupi, yamejipanga kwenye kitawi kama nyuzi za unyoya, na kila jani linatazamana na mwenzake ng'ambo ya pili. Ya saiprasi wa vinamasi hayatazamani, hupishana. Halafu metasekoya haimwagi jani moja moja, huangusha kitawi kizima na majani yake, ndiyo maana uwanja wa dada ulionekana kama kuku kadhaa wekundu wamenyonyolewa pale.

Kutazamana na kupishana. Jambo dogo kama hilo ndilo lililomfanya Shigeru Miki, mtaalamu wa mimea ya kale huko Japani, aupe jina mti ambao hakuna mwanasayansi aliyejua kwamba bado unaishi. Alikuwa akichambua visukuku vya mimea, ambavyo wenzake walikuwa wameviweka kwenye kapu la sekoya au la saiprasi wa vinamasi. Miki akaona majani yanatazamana, na magamba ya koni vilevile, akasema huu si wa kapu lile wala hili. Mwaka 1941 akachapisha jina Metasequoia. Kwake lilikuwa jina la marehemu.

Mwaka huohuo Japani ilikuwa ndani ya China kwa bunduki. Serikali ya China ilikuwa imekimbilia Chongqing, vyuo vikuu vimehama navyo kwenda bara, na walimu wa misitu walijikuta wakipita kwenye mabonde ambayo wakati wa amani wasingeyapita. Mmoja wao, Gan Duo, alifika kijiji cha Moudao, kwenye mpaka wa Sichuan na Hubei, majira ya baridi. Akakuta mti mkubwa ajabu, kwenye shina lake pamejengwa kijumba cha ibada, na wanakijiji wakamwambia jina lake, ambalo maana yake ni msonobari wa maji. Hakuchukua sampuli. Kwa nini? Mti ulikuwa uchi, hauna jani la kuchukua. Kwa hiyo dada yangu asijilaumu sana, hata profesa aliukuta umelala na akapita.

Mwaka 1943 mtaalamu mwingine, Wang Zhan, aliugua akiwa safarini, akalazimika kupumzika mjini Wanxian, na huko mkuu wa shule ya kilimo akamsimulia habari za mti usioeleweka. Wang akabadili njia, akafika Moudao kiangazi, akachuma matawi yenye majani na koni, na akaubandika jina la mti mwingine unaojulikana China. Sampuli zikalala. Mwaka 1946 kijana aliyekuwa akisoma shahada ya juu, Xue Jiru, alitumwa na profesa Zheng Wanjun akatafute koni za kiume na za kike. Alitembea kwa miguu kutoka Wanxian hadi Moudao, akapanda, akachuma, akarudi. Miezi michache baadaye akatumwa tena. Hu Xiansu, mkubwa wa elimu ya mimea nchini China wakati huo, alipoziona sampuli hizo akazilinganisha na andiko la Miki na kuelewa kwamba marehemu yule alikuwa amesimama bondeni muda wote akimwagiwa ubani. Mwezi Mei 1948 Hu na Zheng wakauchapishia jina kamili, Metasequoia glyptostroboides. Jina la ukoo limetolewa na Mjapani, jina la pili na Wachina, na katikati yake nchi hizo mbili zilikuwa zikizikana maiti.

Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba mti "umegunduliwa". Sisi tuliokaririshwa darasani kwamba Speke aligundua ziwa mwaka 1858, wakati Wakerewe walikuwa wanavua sangara na ngege na kuvushana humo kwa mitumbwi, neno hilo tunalipokea kwa tabasamu la pembeni. (Ndiyo, najua, sangara aliletwa baadaye. Basi tuseme ngege tu.) Watu wa Moudao walikuwa na jina la mti, na ibada yake. Walichokosa ni jarida la kuliandika.

Lakini nisiwe mkaidi, kwa sababu kilichofuata ndicho hasa kinachonigusa. Elmer Merrill, wa bustani ya miti ya Arnold ya Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa amepeleka dola 250 China kwa ajili ya kukusanya mbegu. Dola 250! Mbegu zilikusanywa mwaka 1947 na kumfikia Januari 1948, ndogo, nyepesi, zenye mbawa kama vipande vya ngozi ya kitunguu. Hakuzifungia kabatini. Alizigawa kwa bustani na vyuo vya Marekani, Ulaya na kwingineko, kwa yeyote aliyeomba na aliyeonekana ataziotesha. Mwaka uliofuata mapinduzi yakabadilisha China, na milango ya kubadilishana mbegu na wataalamu na Marekani ikafungwa kwa miongo. Mbegu zilipita mlangoni mlango ukiwa tayari unafungwa. Metasekoya iliyo karibu na ziwa katika bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge ni ya miaka hiyo. Niliwahi kusimama chini yake mwezi wa Mei, na nilichofanya, sina haya kusema, ni kuweka mkono kwenye shina kama mtu anayemsalimia mzee.

Ukiwa mkubwa mti huu ni shina kwanza, majani baadaye. Chini hutanuka na kuwa na mifereji na mabonde, gome jekundu la kahawia linachanika kwa nyuzi ndefu, na chini ya kila tawi kubwa kuna shimo kama kwapa. Juu yake umbo ni la mche wa mshumaa, lililonyooka utadhani mtu ameweka pima maji. Majani ya masika yao ni kijani kichanga sana, kijani cha mchicha uliochipua jana, na ukiyashika ni laini kama nywele za mtoto. Kisha Oktoba na Novemba yanageuka rangi ya mdalasini, ya matofali, ya chungwa lililoiva kupita kiasi. Mtu aliyepanda msonobari wa kawaida ananunua rangi moja. Huyu ananunua nne, ikiwemo ile ya uchi, ambayo kwangu ndiyo bora, kwa sababu jua la saa tisa alasiri la majira ya baridi, lile jua lao dhaifu linalotembea pembeni ya anga kama mdaiwa, linapita katikati ya matawi na kuwasha gome.

Na hapo ndipo penye hoja yangu.

Zungukia mitaa ya miji ya Uingereza uone watu wanachopanda wanapotaka miti ya ukoo wa misonobari. Wanapanda ukuta. Saiprasi za Leyland, mstari mzima, bega kwa bega, kwa sababu zinakua haraka na hazipukutishi, na jirani hataona chai yako. Miaka kumi baadaye ukuta umefika paa, bustani ya jirani haioni jua kuanzia Oktoba hadi Machi, nyasi zake zimegeuka ukungu, na watu wawili waliokuwa wakikopeshana ngazi sasa wanaandikiana barua za wanasheria. Ugomvi ulizidi hadi Bunge likatunga sheria ya mwaka 2003 yenye sehemu nzima inayohusu ua mrefu. Sheria ile inauhesabu kuwa ua mrefu mstari wa miti miwili au zaidi, isiyopukutisha au inayokaribia kutopukutisha, iliyopita mita 2 na kuziba mwanga au njia. Soma tena: isiyopukutisha. Mti wa dada yangu, wenye urefu wa nyumba mbili, haumo. Bunge lenyewe, kwa kutojua au kwa kujua, limekiri kwamba mti unaovua nguo wakati wa baridi haumwibii mtu jua.

Katika nchi za baridi mti mkubwa wa bustani unatakiwa kufanya kazi mbili zinazopingana. Julai na Agosti, ambapo joto siku hizi linaua wazee hata Ulaya, unatakiwa kutoa kivuli. Desemba na Januari unatakiwa kuondoka njiani. Mwaloni unaweza, mchenari unaweza. Lakini ukitaka mti ulionyooka, wenye umbo la mche, usiotanua matawi hadi kwa jirani, na bado uondoke njiani wakati wa baridi, unabaki na ndugu hawa wachache. Lachi nazo zingefaa, ila tangu mwaka 2009 ugonjwa unaoitwa fitofthora umezikumba huko Uingereza na misitu mizima ya lachi imekatwa ili kuuzuia usienee, kwa hiyo mimi sitamshauri mtu kuianza safari hiyo leo. Saiprasi wa vinamasi ni mti mzuri mno kando ya bwawa, lakini huchelewa kuchipua na hupenda joto la kiangazi kuliko linalopatikana sehemu nyingi za kaskazini. Metasekoya inavumilia baridi kali, inapenda maji lakini haidai kusimama ndani yake, na ikiwa changa, mahali penye udongo mzuri, huongeza karibu mita moja kwa mwaka.

Mita moja kwa mwaka. Watu husikia hivyo wakafurahi, na ndipo wanapoharibu.

Mwenye nyumba aliyemtangulia dada aliununua mti ukiwa kwenye ndoo, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, akaupanda mita nne kutoka ukuta wa jikoni kwa sababu palikuwa panaonekana pamepwaya. Simlaumu peke yake. Vitalu vya kule huuza mche wenye kikaratasi kinachosema "urefu baada ya miaka 10", kana kwamba mti unastaafu baada ya miaka kumi. Baadhi ya miti iliyotokana na mbegu za Merrill imepita mita 30, na bado ni vijana, maana ule wa Moudao unahesabiwa kuwa na karne kadhaa. Mti unapandwa kwa kipimo cha mwisho wake, si cha siku ya kununua. Kama huna mita nane za kuupa kila upande, na mimi ningependa kumi, usiupande. Panda mtufaha, panda mpera wa Kizungu, kula matunda, mshukuru Mungu.

Ukiwa na nafasi, kazi yenyewe si kubwa. Chagua penye jua kamili na udongo wenye kina unaoshika unyevu. Hata pale panapojaa maji mvua ikinyesha, ambapo miti mingine hunyongeka, huyu hupaona kwao. Miaka miwili mitatu ya mwanzo mwagilia kiangazi bila kukosa, maana mti unaopenda maji ukikaushwa utotoni hudumaa. Weka matandazo ya majani au magome mapana kama sinia ya pilau, lakini yasiguse shina. Na mashine ya kukata nyasi isikaribie gome: nimeona miti mingi ikiuawa na mashine za nyasi kuliko na wadudu. Baridi ya ghafla ya mwezi wa Aprili inaweza kuunguza machipukizi, usiogope, yatarudi.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu watu wa bustani nadhifu hawataki kulisikia. Msikate matawi ya chini. Kuna ugonjwa wa kunyoa miti miguu ili mashine ya nyasi ipite na viti vya plastiki viingie kivulini. Metasekoya iliyoachiwa matawi yake ya chini hujenga lile shina nene lenye mifereji, na matawi yenyewe hugusa nyasi kama gauni la bibi harusi. Iliyonyolewa inakuwa nguzo ya umeme yenye kofia. Kama unataka nguzo ya umeme, shirika la umeme litakuletea.

Wauzaji hupenda kuuita mti huu "kisukuku kinachoishi", na kudokeza kwamba ukiununua unauokoa. Hapa napenda tuongee taratibu. Kwamba ukoo wake ni mkongwe, ni kweli tupu. Katika kisiwa cha Axel Heiberg, kaskazini kabisa ya Canada ambako leo hakuna mti wa kumfichia mtu upepo, kuna visiki vya msitu wa metasekoya wenye umri wa takribani miaka milioni 45, na mbao zake hazikugeuka jiwe, bado ni mbao, zinakatika kwa msumeno. Dunia ilikuwa na joto wakati ule, lakini usiku wa ncha ya kaskazini ulikuwa mrefu vilevile, miezi bila jua. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba ndiyo sababu ya miti ile kujifunza kuvua majani: gizani jani ni mdomo unaokula bila kufanya kazi. Maelezo matamu, hadi majaribio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalipopiga hesabu na kuonyesha kwamba kutengeneza majani mapya kila mwaka kunaugharimu mti zaidi kuliko kuyatunza ya zamani gizani. Nampenda zaidi mti ambao hata sababu ya kuvua nguo zake haijakubali kueleweka kirahisi.

Kuuokoa, hata hivyo, ni habari nyingine. Huko China umepandwa kwa wingi usiosemeka, kando ya barabara, mifereji na reli. Pizhou, katika jimbo la Jiangsu, kuna barabara iliyopangwa miti hii pande zote kwa makumi ya kilomita. Korea Kusini watalii hupanga foleni kupiga picha katikati ya mistari yake kwenye kisiwa cha Nami, kwa sababu ya tamthilia ya mapenzi ya mwaka 2002. Mti wenye mashabiki wa tamthilia hauhitaji huruma yako dukani. Wenye shida ni ule wa nyumbani. Katika mabonde ya Lichuan, upande ule wa Moudao, imebaki miti ya asili ipatayo zaidi kidogo ya 5,000, imesimama kando ya mashamba na nyumba, imehesabiwa na kuwekewa namba, inalindwa kisheria, lakini chini yake hakuna watoto. Ardhi iliyokuwa ikipokea mbegu zake sasa inalimwa mpunga na mboga. Wazee wanaishi, hawazai. Na sisi tulio nje, na bustani zetu, wengi tumerithi uzao wa mbegu za awali zilizotoka kwenye miti mama michache, na mti uliopandwa peke yake hujichavusha wenyewe, ukatoa mbegu ambazo nyingi ni pumba tupu.

Kwa hiyo bustani iliufanyia mti huu jambo kubwa kwa kuutawanya, na ilifanya hivyo kwa dola 250 na roho ya ukarimu. Ila bustani haikuurudishia bonde. Anayepanda mmoja nyuma ya jikoni apande kwa sababu anautaka: kivuli chake, rangi ya mdalasini, shina la kumsalimia. Asijipambe kwa nishani ya mhifadhi.

Na hata huko kuutaka, nadhani mti wa ukubwa huu si wa mtu binafsi. Nimelifikiria hili kila nikikumbuka ule wa Cambridge. Uzuri wake unatokana na kwamba hakuna jikoni karibu. Kuna ziwa, nyasi, watoto wa shule wenye madaftari, mzee mwenye mkongojo. Mti wa mita 30 unataka mwenye ardhi asiyehama baada ya miaka saba kwa sababu ya kazi, na katika miji ya leo mwenye ardhi wa namna hiyo ni mmoja tu: umma. Uwanja wa shule, makaburi, bustani ya hospitali, kingo za mto. Halmashauri za kule zingeacha kupanda vijimti vya maua ya waridi vinavyokufa kabla ya mpandaji, zikapanda huu, mmoja mmoja, mbalimbali, pale ambapo udongo umelowa na kila mti mwingine umegoma.

Dada hakuukata. Siku iliyofuata alimpigia yule fundi akamwambia asante, fundi akamjibu kwamba atajuta. Aprili akanitumia video, sekunde arobaini za vitone vya kijani kwenye matawi, huku sauti yake ikisikika nyuma ikimwambia shemeji aje aone, njoo uone, wewe mtu njoo. Lakini mita nne ni mita nne. Udongo wa mtaa ule ni mfinyanzi, unaosinyaa ukikauka, na mti unaokunywa vile karibu na msingi wa nyumba hauwezi kuachwa milele. Mtaalamu mwingine, aliyeutazama kwa saa nzima na kupiga magoti, aliwapa miaka kumi, pengine na mitano, akiutazama kila mwaka.

Kumbe mti huu huota vizuri kwa vipandikizi. Kiangazi kile dada alikata vitawi kumi, urefu wa kalamu, akavichomeka kwenye ndoo ya mchanga na mboji, akavifunika kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa. Vilishika sita. Viwili alimpa jirani, ambaye nilimwambia dada ampokonye, naye hakumpokonya. Kimoja kilikufa kwa paka. Vilivyobaki vilikaa kwenye ndoo mwaka mzima, vikapukutisha, vikachipua, hakuna aliyemwita fundi.

Shule ya mtoto wake wa mwisho ina uwanja unaoteremka hadi kwenye kijito, na pembe moja ya chini hujaa matope kuanzia Oktoba, watoto wanakatazwa kufika. Mwezi uliopita mwalimu mkuu alikubali. Jumamosi dada alinipigia akiwa kulekule, nasikia matope yakifyonza viatu vyake. Alikuwa amechomeka kijiti, na sasa alikuwa anapima kwa hatua kutoka kwenye ukuta wa darasa la karibu.

"Ishirini na mbili," akasema. "Inatosha?"

"Inatosha, dada. Inatosha kabisa."

Kimya kidogo. Kisha nikasikia viatu tena.

"Naongeza tano."